Redio Mbili Zinapumua, Haziongei

Wanachuo wenzangu, hasa mnaosoma Elimu na Fizikia, na ninyi wengine mliowahi kufungua redio ya nyumbani mkashindwa kuirudishia, hii ni yenu.

Babu yangu yupo Iringa. Ana redio koli mbili za mkononi, zile wengine huziita simu za upepo, zilizotengenezwa Japani miaka ya 1970. Yeye na mdogo wake, ambaye sisi tunamwita babu mdogo, walikuwa wakiongea nazo kutoka shamba la kilima hiki hadi lile la kilima cha pili. Siku moja zikaacha kusikilizana. Babu akasema ya mdogo wake imeingia maji. Babu mdogo akasema ya kaka yake ndiyo mbovu. Ubishi huo nimezaliwa nikaukuta, na kila sikukuu lazima uibuke, mara nyingine kwa utani, mara nyingine mtu anasusa chakula kabisa.

Mimi ndiye mjukuu aliyeshika tochi wakati babu anafungua redio, tangu nina miaka tisa. Basi likizo iliyopita niliziomba, akanipa zote mbili ndani ya boksi la viatu.

Kwa faida ya msiozijua: redio za namna hii zilianza kujulikana kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilikuwa na SCR-300, mzigo wa kubeba mgongoni wenye zaidi ya kilo 14, na hiyo ndiyo iliyoitwa "walkie-talkie". Ndogo ya kushika mkononi, SCR-536, ilikuwa na jina lake jingine. Zote zilitumia valvu. Transista ndizo zilizozifanya ziwe nyepesi kama za babu.

Sasa kazi. Usianze na chuma cha kuchomea risasi, anza na macho. Kwenye nyumba ya betri nilikuta ukoko wa kijani na mweupe, na hapa kemia ya sekondari inalipa. Betri za alkalini zikivuja hutoa besi, kwa hiyo limao au siki inasafisha. Lakini zile za zamani za kaboni na zinki uvujaji wake ni wa asidi, ukipaka limao unaongeza tatizo. Nilitumia magadi kidogo kwenye maji, nikasugua kwa mswaki, nikafuta na spiriti.

Cha pili ni swichi ya kubonyeza ili uongee. Watu huidharau, kumbe ina kazi nyingi. Kwenye redio hizi spika ndiyo hiyo hiyo maikrofoni: ukiachia inakupa sauti, ukibonyeza inapokea sauti yako. Swichi moja inahamisha spika, antena na umeme kwa pamoja, hivyo vikontakti vyake vikishika kutu redio nzima inaonekana imekufa. (Mwalimu mtarajiwa, hapo una kipindi kizima. Kitu kimoja kinageuza umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme, na wanafunzi wanaweza kukigusa.)

Cha tatu ni kapasita zenye umbo la mtungi. Zinakauka kwa umri. Nilinunua mpya Kariakoo kwa hela ya bumu, na ya kwanza kabisa nikaifunga kinyume, hasi kwenye chanya. Pa! Rumu-meti wangu aliamka akidhani ni transfoma ya nje. Tangu siku hiyo napiga picha kila kitu kabla ya kukitoa.

Baada ya wiki tatu zote mbili zikapumua, yaani ule mvumo wa "shhh" unaoonyesha upokeaji upo hai. Ukibonyeza, testa inaonyesha umeme unapanda kama inavyotakiwa. Kila moja peke yake ni nzima. Lakini hazisikilizani! Nilirudia lehemu zote. Nilibadilisha transista mbili ambazo, sasa naelewa, hazikuwa na kosa lolote.

Niliposhindwa nikaenda kwa fundi sanifu wa maabara. Kwanza akaniuliza kama nimezirusha hewani. Kurusha mawimbi kunahitaji kibali cha TCRA, hata kama redio ni ya babu yako. Akatoa antena, akaweka rezista ya omu 50 mahali pake ili nguvu iishie humo, akaunganisha kipima masafa. Redio ya babu mdogo ikasoma megahezi 27.125. Ya babu ikasoma 26.670.

Akacheka. "Toa ya pili kwenye ya kwanza."

Jibu ni kilohezi 455, na aliyesoma redio ameshaelewa. Redio hizi zina kristali mbili, moja ya kurushia na moja ya kupokelea. Wakati wa kupokea, redio hutengeneza wimbi lake lenyewe ndani, na hilo linatofautiana na wimbi linaloingia kwa kilohezi 455. Tofauti hiyo ndiyo inayokuzwa hadi iwe sauti. Kwa hiyo kristali ya kupokelea ni 26.670 na ya kurushia ni 27.125. Zinafanana kwa umbo, zinachomekwa tu, na maandishi ya juu yalishafutika. Kuna mtu aliwahi kuzitoa akazirudisha kwa kupishana. Redio ikawa inarusha pasipo na msikilizaji, na inasikiliza pasipo na msemaji.

Tulizibadilisha kwa dakika moja. Hata na rezista badala ya antena, kutoka meza hadi meza nilisikia "haloo" ya fundi ikikwaruza.

Tatizo ni kwamba niliijua mikono iliyozitoa. Iliyokuwa imepishana ni redio ya babu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifungua. Rumu-meti akanishauri nimwambie zimepona, basi. Lakini miaka yote hiyo mtu mmoja amebeba lawama isiyo yake.

Nilipofika Iringa nilimwamkia, nikaziweka mezani, nikamweleza taratibu mpaka kwenye zile namba. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Zilizopishana ni za redio ipi?"

"Ni yako, babu."

Akaomba miwani. Akachomoa kristali, akaigeuzageuza kwenye vidole, akaichomeka tena palepale.

"Nipigie huyo mtu," akasema. "Usimwambie kitu. Nitaongea mwenyewe."

Nikabonyeza namba ya babu mdogo, simu ilipoanza kuita nikampa, nikatoka nje.