Una Digrii ya Historia? Biashara ya Kimataifa Inapita Karatu

Umemaliza BA ya Historia, Fasihi au Sosholojia, umerudi nyumbani Karatu, na kila mtu anakuuliza utafundisha wapi. Kama moyo wako uko kwenye biashara ya kimataifa, usikimbilie Dar kwanza. Simama kando ya lami inayopanda kwenda Geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Karibu kila Land Cruiser ya watalii inayopita ni huduma iliyouzwa nje kwa dola.

Anzia kwenye kampuni ya utalii, dawati la resevesheni. Usiombe "kazi yoyote". Taja dawati hilo. Nenda wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Mwenye ofisi atapata muda wa kukusikiliza, na msimu unafunguka Juni.

Usipeleke cheti peke yake. Peleka kurasa mbili ulizoandika mwenyewe: safari ya siku nne kwa mgeni anayependa historia. Siku moja iwe ya Korongo la Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Eleza pia nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Dereva anajua simba wamelala wapi. Wewe unajua kwa nini mtu atoke Ujerumani kuja kutazama korongo kavu. Hapo ndipo digrii yako inapolipa.

Kisha hesabu, na hapa watu wa arts wengi hukwama. Jifunze kutengeneza kotesheni kwa Excel. Ada ya kuingia Ngorongoro huhesabiwa kwa kichwa; ya kushuka kreta huhesabiwa kwa gari. Kwa hiyo wageni wawili hawawezi kupewa bei ya kila mtu iliyopangwa kwa wageni sita. Ukikosea hapo, faida ya safari imekwisha. Fanya kotesheni 10 za mazoezi kabla ya usaili.

Hupendi utalii? Teremka Mang'ola. Vitunguu vya huko huvuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya. Kaa na dalali wiki nzima, daftari mkononi. Uliza nani analipia lori, cheti cha afya ya mimea kinapatikanaje, cheti cha uasili kinapunguza ushuru kiasi gani. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 una utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ikatae tangu shambani.

Ukipendelea kuuza kahawa nje, anza na neno FOB. Ukiuza FOB Tanga, gharama zako zinaishia mzigo ukishapakiwa melini. Nauli ya bahari ni ya mnunuzi.

Ongeza lugha moja, Kifaransa au Kijerumani, dakika 30 kila siku. MBA isubiri, fanya kazi kwanza, ujue unakwenda kusomea nini.

Wiki hii shughulika na zile kurasa mbili. Ziandike Jumamosi, mpe dereva wa watalii akosoe muda wa barabarani, na Jumatatu zipeleke ofisini kwa mkono wako mwenyewe.