Taarifa Isiyovuka Mpaka: Somo Kuhusu Magari Yanayoitwa kwa Hatari ya Kuvuja Mafuta

Ndugu wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe na vituo vingine vya mpakani, katika somo hili tunazungumzia mafuta yanayovuja ndani ya gari, na haki ya mwenye gari kujua kasoro ambayo mtengenezaji amekwisha kuitangaza. Lengo letu ni kwamba kila mwenye gari, dereva, fundi na abiria afahamu namna ya kuitafuta taarifa hiyo, kwa kuwa yenyewe haitamfuata hadi mlangoni.

Maana ya gari kuitwa

Mtengenezaji wa magari anapogundua kwamba aina fulani ya magari yake ina kasoro inayoweza kudhuru watu, huyaita magari hayo yarudi kwa mawakala wake ili yarekebishwe. Kwa desturi kazi hiyo hufanywa bila malipo. Tangazo hutaja aina ya gari, muda ambao gari lilitengenezwa, na mfululizo wa namba za chesisi zinazohusika. Hivyo magari mawili yanayofanana kwa sura na rangi yanaweza kutofautiana: moja limeitwa na jingine halikuitwa.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi Januari mwaka 2011, kampuni ya Toyota iliita magari takriban milioni 1.7 duniani kwa sababu ya hatari ya kuvuja mafuta. Zaidi ya milioni 1.2 kati ya hayo yalikuwa nchini Japani. Huko Marekani yaliitwa magari ya Lexus yapatayo 245,000 kwa kuwa kifaa kinachopima shinikizo la mafuta huenda hakikukazwa ipasavyo. Gari likitembea na kutikisika kwa miaka, kifaa hicho kingeweza kulegea, na mafuta yakaanza kupenya. Kampuni nyingine nazo zimewahi kufanya hivyo. Mwaka 2022 Ford iliita magari zaidi ya laki tano kwa sababu nozeli za mafuta zingeweza kupasuka na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto.

Kuitwa kwa gari, basi, kusitutie hofu wala dharau juu ya kampuni fulani. Kampuni inayotangaza kasoro imetimiza wajibu wake. Hatari hubaki kwa mwenye gari ambaye tangazo halikumfikia.

Taarifa hukwama wapi?

Taarifa ya mwito hutumwa kwa mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili la nchi ile. Gari likifutwa usajili Japani na kupakiwa melini kuelekea Mombasa au Dar es Salaam, jina hilo halina kazi tena. Anayelinunua Kampala, na baadaye anayeuziwa Tororo au Kasese, hawajulikani kwa mtengenezaji hata kidogo.

Sisi wakazi wa mpakani tunaongeza kikwazo kingine kwa mikono yetu. Magari huuzwa kwa kupeana mikono na fedha, huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa tatu au wa nne aliyetangulia. Wakala wa kampuni akitaka kuwatafuta wenye magari, atampigia simu mtu aliyekwisha kuliuza zamani. Kubadilisha jina la umiliki ni takwa la sheria, na pia ni njia ya kukufikishia onyo linaloweza kuokoa maisha yako.

Tukumbuke pia kwamba cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kusafirishwa hueleza hali yake siku lilipokaguliwa. Kisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba marekebisho ya mwito yalifanywa.

Namna ya kuulizia

Anza na namba ya chesisi. Isome kwenye gari lenyewe, kisha uilinganishe na iliyoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana, au namba kwenye chuma ikionekana imekwaruzwa au kugongwa upya, usilipe fedha. Fika kituo cha polisi kilicho karibu, maana hiyo ni dalili ya gari la wizi.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. Magari ya soko la Marekani na Ulaya huwa na namba ya herufi na tarakimu 17. Tofauti hii ina uzito. Tovuti ya Marekani haiwezi kuitambua namba ya Japani, na kukosa jibu huko kusikufanye uamini kwamba gari ni salama. Gari la Japani litafutwe katika ukurasa wa miito wa kampuni yenyewe nchini Japani, au uipeleke namba hiyo kwa wakala wa kampuni aliye nchini mwako. Muulize mambo matatu: je, gari hili limeitwa? Je, marekebisho yalifanywa? Yakifanywa hapa, nani atalipia?

Petroli haisubiri kuguswa na kiberiti

Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali mno, na mvuke huo ndio unaowaka. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, huingia mitaroni na kujikusanya chini ya gari. Cheche ya betri, bomba la moshi lenye joto au jiko la mkaa la mchoma mahindi kando ya kituo cha teksi vinatosha kuuwasha.

Kwa sababu hiyo tunakemea desturi ya kuziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche au kipande cha mpira na kuendelea na safari. Sabuni huzuia tone lisionekane, lakini ufa ulioko chini yake unaendelea kupanuka. Tunakemea vilevile kubeba jerikeni za petroli chini ya viti vya abiria. Gari lenye kasoro ndogo likibeba mzigo huo, cheche moja inaweza kuangamiza teksi nzima.

Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari

1. Simamisha gari pembeni, mbali na watu, majiko na nyumba, kisha uzime injini.
2. Teremsha abiria wote mara moja. Mizigo ibaki.
3. Asiwepo anayevuta sigara, wala anayejaribu kuwasha injini tena ili kutafuta mahali panapovuja.
4. Moto ukitokea chini ya boneti, usiifungue wazi, hewa itauchochea.
5. Usimwage maji kwenye petroli inayowaka, kwani petroli huelea na moto husambaa. Tumia mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu iwapo moto ni mdogo. Ukiwa mkubwa, ondokeni.
6. Piga simu 999 au 112, utaje mahali mlipo.

Abiria naye ana haki ya kusema. Akimwambia dereva kwamba ananusa petroli, asinyamazishwe na kondakta kwa madai kwamba anachelewesha wenzake.

Wajibu wetu wa pamoja

Tunatambua kwamba wapo wanaosita kufika kituoni kwa hofu ya kuulizwa habari za karatasi. Tunawasihi waelewe kwamba kuulizia usalama wa gari si kosa. Wenyeviti wa vituo vya teksi waorodheshe namba za chesisi za magari yao na kuziulizia kwa wakala kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye simu ya intaneti aweza kuwasaidia ishirini. Mafundi wamwonyeshe mteja kila mpira wa mafuta uliochakaa, hata kama alikuja kwa shida nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa bomba la mafuta hautoi muda wa kujenga.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya vijiji na vituo

1. Je, jina lililo kwenye kadi ya gari lako ni lako? Kama sivyo, nani atapokea onyo linalokuhusu?
2. Ni magari mangapi katika kituo chenu ambayo namba zake za chesisi zimekwisha kuulizwa?
3. Abiria akisema ananusa petroli, dereva wa kituo chenu hufanya nini?
4. Mtungi wa kuzimia moto ulio karibu nanyi uko wapi, na nani anajua kuutumia?