Mshubiri: Ujue Unachonunua

Jambo lisilomezeka huambiwa ni chungu kama shubiri. Usemi huo umetokana na mmea halisi, mshubiri, unaoota hasa katika sehemu kavu za Afrika na Arabuni. Turiani, chini ya milima ya Nguru, ni nchi ya mvua na miwa. Mlaji wa huko aweza kununua chupa ya shubiri sokoni pasipo kuujua vema mmea wenyewe.

Jani nene la mshubiri lina vitu viwili. Chini ya ganda hutoka utomvu wa njano, mchungu, ambao huharisha kwa nguvu. Katikati mna ute mwangavu, utumiwao kulainisha ngozi. Asagaye jani zima huvichanganya vyote viwili. Utomvu huo husokota tumbo na kuupotezea mwili maji na chumvi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiunywe kamwe. Mwaka 2002 Marekani iliagiza dawa za kuharisha zenye shubiri, zilizouzwa bila cheti cha daktari, ziondolewe au zitengenezwe upya, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Hatari ya pili ni kukosea mmea. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, pamoja na jamaa zake wapandwao kama pambo, hufanana na mshubiri, lakini maji ya majani yake huwasha ngozi. Jani la mkonge likivunjwa huonyesha nyuzi ngumu. La mshubiri hukatika na kuacha ute. Tena mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Mshubiri huchanua tena na tena.

Kabla ya kulipa, zingatia haya:

1. Soma viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tafuta alama yake.
2. Bidhaa inayodaiwa kutibu maradhi ni dawa. Ulizia usajili wake.
3. Usiache dawa za kisukari au za shinikizo la damu kwa ahadi ya muuzaji.
4. Dai risiti na uitunze.

Ukidhurika, acha kuitumia mara moja, nenda kituo cha afya ukiwa na chupa yenyewe, kisha peleka malalamiko yako pamoja na risiti.