SOMO: Kabla ya kulinganisha hesabu za ushiriki

Decidim ni programu huria iliyoanzishwa mjini Barcelona, Hispania, mwaka 2016, ili raia watoe mapendekezo juu ya mipango ya mji wao. Shirika la Platoniq limeitengenezea programu ndogo inayokusanya takwimu za tovuti mbalimbali za Decidim na kuzionyesha pamoja.

Sisi tunaoandika ripoti za vikao vya amani vijijini tunajifunza nini? Kabla ya kulinganisha, tuulize: Kijiji kina watu wangapi? Tulihesabu namna moja kila mahali? Nani hakufika, na kwa nini? Kikao cha watu 200 wa upande mmoja hakiwezi kupatanisha pande mbili. Basi, kando ya kila hesabu, tuandike pia upande uliokosekana.