Kujivunia kemia ya Waislamu kunahitaji ushahidi

 

Ndugu msomaji, katika darasa langu la dini, kila tunapofika mada ya mchango wa Waislamu katika sayansi, hujitokeza makundi mawili. Kundi la kwanza husema kila kitu kiligunduliwa na Waislamu, Wazungu wakachukua. Kundi la pili husema hayo ni majigambo ya watu walioachwa nyuma, wanaojiliwaza kwa mambo ya jana. Nikiwataka walete ushahidi, makundi yote mawili hunyamaza. Kwa hiyo leo tumtazame mtu aliyetumia miaka mingi kuutafuta ushahidi huo, Profesa Ahmad Yusuf al-Hassan.

Al-Hassan alizaliwa Palestina mwaka 1925 na kufariki mwaka 2012. Alikuwa mhandisi aliyepata shahada ya uzamivu London, kisha akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Aleppo nchini Syria. Mwaka 1976 alianzisha hapo taasisi ya historia ya sayansi ya Kiarabu. Mwaka 1986, yeye na Mwingereza Donald Hill, naye mhandisi, walitoa kitabu juu ya teknolojia katika ustaarabu wa Kiislamu. Mwaka 2009 alitoa kitabu kinachohusu kemia peke yake.

Suala kubwa alilolishughulikia ni la Jabir bin Hayyan, ambaye jina lake linanasibishwa na vitabu vingi vya kemia. Ulaya ya zamani ilisoma vitabu vya Kilatini vyenye jina "Geber", yaani Jabir. Mwaka 1893 mwanakemia Mfaransa Marcellin Berthelot alidai kuwa vitabu hivyo havikutoka katika Kiarabu. Mwaka 1991 Mmarekani William Newman alikinasibisha kilicho maarufu zaidi kati ya hivyo na mtawa wa Italia, Paul wa Taranto.

Al-Hassan hakujibu kwa hasira. Aliweka maandiko ya Kilatini na ya Kiarabu pamoja, akalinganisha istilahi na kanuni za kazi, kisha akatetea kuwa asili yake ni Kiarabu. Haki ituongoze kusema kwamba mjadala haujafungwa, na wanahistoria wengi wa Magharibi bado wako upande wa Newman. Lakini sasa anayetaka kumpinga al-Hassan inambidi naye afungue miswada.

Suala la pili ni viwanda. Wengi hudhani kemia ya kale ilikuwa ndoto ya kugeuza risasi kuwa dhahabu. Al-Hassan alionyesha kuwa miswada ya Kiarabu imejaa kazi za mikono: kukeneka marashi ya waridi, kutia vioo rangi, kutengeneza wino na sabuni. Hasan al-Rammah wa Syria, katika karne ya 13, alieleza namna ya kusafisha chumvi ya baruti kwa majivu ya kuni. Wanafunzi wa kemia wataelewa: potashi iliyomo katika majivu huondoa chumvi za kalsiamu na magniziamu ambazo hufanya baruti ivute unyevu.

Hata neno "alkali" asili yake ni Kiarabu, likihusu majivu ya mimea yaliyochemshwa na mafuta ya zeituni kupata sabuni. Ufundi huo uko hai. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utengenezaji wa sabuni wa Nablus na ule wa Aleppo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuishika. Amri hiyo haikubagua habari zinazotufurahisha. Tukitoa mimbarini dai lisilo na msingi, kijana atakayegundua ataanza kushuku hata yaliyo kweli.

Pili, Imam Ghazali aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, akasikitika kuona miji ya Waislamu isiyo na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kwenye fiqhi. Je, maabara zetu leo hazina msiba huo huo?

Tatu, vijana wetu wengi asubuhi wanasoma kemia shuleni na jioni wanasoma Kiarabu madrasa. Hizo ndizo funguo mbili za hazina aliyoifungua al-Hassan, lakini walimu wa pande hizo mbili hatukutani. Mzazi, usimwambie mwanao achague moja. Nasi walimu tukae pamoja, tuwaonyeshe kuwa mlango ni mmoja.

Mtu anayesifu maabara ya babu yake huku yake ameifunga hajamuenzi babu. Allah atuwezeshe kusema kweli na kuifanyia kazi. Amin.