Pumua, Mama Kijacho! Vidokezo 5 vya Yoga ya Kutuliza Mawazo

Kiuno kinauma, usingizi umekimbia, na kila jirani ana ushauri wake. Pole, na hongera pia! Dakika kumi na mkeka vinatosha kuanza.

1. Toa pumzi pole pole
Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe ukihesabu hadi 6. Siri iko kwenye kuitoa: pumzi inapotoka taratibu, mapigo ya moyo hupungua na mabega hushuka yenyewe. Fanya mara kumi, hata ukiwa ndani ya daladala au kwenye benchi la kliniki ukisubiri kuitwa. Nani atajua? Ila usibane pumzi. Ukisikia kizunguzungu, pumua kama kawaida.

2. Mgongo wa paka
Piga magoti, viganja chini, kama unayepiga deki. Ukitoa pumzi, inua mgongo kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta, urudishe uwe sawa. Usiuache ubonyee. Mara tano tu, kiuno kitakushukuru.

3. Ukuta ni shoga yako
Tumbo likikua, ni rahisi kuyumba. Mikao ya kusimama ifanye umeshika ukuta. Homoni za ujauzito nazo hulegeza viungo, kwa hiyo jinyooshe hadi unapohisi mvuto, si maumivu. Hakuna anayekupa medali!

4. Jilaze ubavu
Mimba ikifika miezi mitano, usikae muda mrefu chali. Mfuko wa uzazi unaweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Lala ubavu, weka mto au kanga zilizokunjwa katikati ya magoti, funga macho, rudia ile pumzi ya kwanza. Baba watoto akae na simu yake sebuleni, au aje akusugue mgongo.

5. Mkunga kwanza
Kabla hujaanza, muulize, hasa kama una presha au umewahi kutokwa damu katika mimba hii. Ukiona damu au maji, ukapata maumivu ya kifua, maumivu makali ya kichwa au uchungu wa tumbo, acha hapo hapo uende kituo cha afya. Na kama huzuni au hofu imekaa wiki mbili bila kuondoka, mama, usiifiche: mwambie mhudumu wako, hata kama siku ya kliniki bado.