Kumtambua Dumuzi

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona ghalani mdudu wasiyemjua, agezaye mahindi kuwa vumbi kwa muda mfupi. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua kuwa Prostephanus truncatus, ambaye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu aliitwa dumuzi.

Kumjua mdudu kwa jina lake si anasa ya wataalamu. Dawa ya pirimifosi-methili humwua fukusi vizuri, lakini dumuzi huivumilia. Permethrini humwua dumuzi, ila ni dhaifu kwa fukusi. Ndiyo sababu dawa hizo mbili zikachanganywa. Katika baadhi ya maghala ya Tanzania upotevu uliopimwa ulifikia asilimia 34 ya uzito wa mahindi, katika miezi 3 hadi 6 tu.

Fukusi hasumbui kumtambua, kwani ana mdomo mrefu mfano wa mkonga. Dumuzi hana. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha kijiti, urefu wa milimita 3 hadi 4.5, na kichwa kimefichwa chini ya kifua hata hukioni ukimtazama kwa juu. Lakini jamaa yake, Rhyzopertha dominica, naye ana umbo hilo hilo, ingawa ni mdogo zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Msomaji na atwae lenzi ikuzayo mara 10, amlaze mdudu aliyekufa ubavuni, kisha atazame mwisho wa mbawa ngumu. Mbawa za dumuzi huishia ghafla kana kwamba zimekatwa kwa kisu, na pembeni mwa mteremko huo mna ukingo uliopinda. Za Rhyzopertha huteremka taratibu. Kama mdudu ametoka katika mianzi, achunguzwe pia kama ni Dinoderus minutus, mwenye vibonyeo viwili vidogo nyuma ya kifua.

Tundu na vumbi pekee si ushahidi. Dumuzi huishi porini pia, katika miti mikavu, na mitego yenye harufu ya dume imemnasa mbali na maghala. Lakini miti hiyo hiyo ina watoboaji wengine wengi.

Anayebaki na shaka awatie wadudu kadhaa katika kichupa cha spiriti, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali, na kitu walimokutwa. Aandike kwa penseli, maana spiriti huyeyusha wino.